Kicheko cha Twila

Sehemu ya Tisa

Kama ulikuwa nasi wiki iliyopita, bado una picha ya Nelda Ferree kichwani: amesimama safu ya nyuma kabisa ya sinema ya Orvale, mkono mmoja umeshika kiti cha mbele yake, mdomo wazi, sauti haitoki. Kama hukuwapo, vuta kiti. Hujachelewa.

Filamu ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha. Ni ile ile Wachawi wa Pikipiki, iliyopigwa papa hapa kaunti yetu ya Indiana kusini mwaka wa sabini na tatu, kwa pesa ambazo zisingenunua trekta kuukuu. Damu yake sharubati ya nyanya. Wachawi wake wasusi na wahudumu wa mgahawani. Wakati ule hakuna aliyeitazama mara mbili, na waliotazama mara moja walidai pesa zao. Leo vijana wanatoka Chicago na Louisville wamevaa makoti ya ngozi na kofia za ncha, kila neno wamelishika kichwani, na Jumamosi moja ya Oktoba kila mwaka sinema yetu hujaa mpaka vijia vya katikati.

Kuna mahali mchawi mkuu anamnyakua mtoto mchanga kitandani, na mtoto, badala ya kulia, anacheka. Hapo sinema nzima huitikia, "Cheka, shetani mdogo," kisha wanasesere wa plastiki wanarushwa mbele kama mvua ya mawe.

Mtoto yule ni Twila. Ni wa Nelda.

Homa ya uti wa mgongo ilimchukua Desemba ile ile, hajafikisha mwaka. Nelda hakuwa na kamera. Alichobakiwa nacho ni picha moja ya hospitali, mtoto amefumba macho, na ule mnyakuo mfupi katika filamu ya ovyo. Kwa hiyo kila Oktoba huketi nyuma, hamwambii mtu yeye ni nani, anavumilia kelele ili asikie kicheko cha mwanawe.

Mwaka huu walialika mgeni, Maxine Oberholt, mwanamke aliyetengeneza sauti zote za filamu ile. Na Maxine, kwa furaha ya kukumbukwa uzeeni, akamwaga siri zake jukwaani. Mifupa inayovunjika ni karoti. Pikipiki inayolipuka ni mfuko wa karatasi.

"Na yule mtoto anayecheka?" akasema. "Yule ni mimi."

Hapo ndipo Nelda aliposimama.

Brice Culley, kijana aliyekuwa anaendesha shughuli, alidhani ni swali. Akapanda mbio hadi nyuma na kipaza sauti.

"Tuna mama mmoja huku. Karibu, mama. Unaitwa nani?"

"Mwambie arudie."

"Samahani?"

"Huyo aliyeko mbele. Arudie alichosema sasa hivi."

Maxine hakuuona uso wa aliyeuliza, taa zilikuwa zinampiga machoni. Alidhani amepata shabiki. Akauegemeza mkongojo wake kwenye kiti, akaweka kiganja nusu mdomoni, akacheka.

Kilikuwa kile kile. Kinaanzia chini kooni, kinapanda, kinakatika, kinaanza upya.

Sinema ikalipuka. "Cheka, shetani mdogo!" Wanasesere waliobaki mapajani wakaruka hewani. Mmoja, asiye na mkono, akampiga Nelda begani na kuangukia miguuni pake.

Darla, binti wa kaka yake, akamvuta sketi. Ndiye aliyemleta kwa gari mwaka huu, kwa kuwa macho ya Nelda hayamruhusu tena kushika usukani.

"Shangazi, kaa. Au twende zetu. Usisimame tu hivyo."

Nelda hakukaa.

"Yule ni mtoto wangu," alisema.

Kipaza sauti kilikuwa bado chini ya kidevu chake. Neno likapita juu ya vichwa vyote na kugonga ukuta wa mbele.

Halafu, msomaji wangu, wakashangilia.

Usiwahukumu haraka, hawakuwa na ubaya. Wamekuwa wakijiuliza miaka nenda rudi mtoto yule ni wa nani, na kumbe mama yake yumo, anakula bisi pamoja nao. Wakasimama wakapiga makofi. Simu zikainuliwa. Mmoja akasema, "Mama Shetani," na wenzake wakalidaka wakaligeuza wimbo. Mama Shetani. Mama Shetani.

Brice akamwachia kipaza sauti, furaha imemjaa. "Mama, sijui hata niseme nini. Na mtoto mwenyewe? Yuko wapi siku hizi? Bado anacheka vile?"

"Yuko pale juu, Pisgah," Nelda alisema. "Makaburini, nyuma ya kanisa, karibu na uzio. Ukipita utamwona. Jiwe lake dogo."

Mtu mmoja akacheka peke yake, akidhani ni mzaha. Alipoisikia sauti yake mwenyewe, akanyamaza.

"Alikufa kabla filamu haijatoka. Mimi huwa naja kumsikiliza."

Akamrudishia Brice kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kikombe cha jirani. Akachukua mkoba wake, akapita mbele ya magoti ya watu akisema samahani, samahani, mpaka akatoka.

Nyuma yake hakuna aliyejua afanye nini. Msichana mmoja mwenye kofia ya kichawi akapiga magoti, akaanza kuokota wanasesere, mmoja mmoja, na kuwaweka mapajani.

*

Kwenye ukumbi wa mbele, kando ya mashine ya bisi, Darla alikuwa anahangaika kumvisha shangazi yake koti. Mkono wa Nelda haukulipata tundu la mkono wa koti.

Wakasikia mkongojo.

"Nisubirini," Maxine alisema. "Mimi siwezi kukimbia."

"Basi usikimbie," Darla alisema. "Rudi ulikotoka. Watu umeshawachekesha vya kutosha."

"Sikujua, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Na hukujua nini? Kwamba watoto wana mama?"

"Darla," Nelda alisema. "Mwache."

Wale wanawake wawili wakatazamana. Mmoja alikuwa amejipamba kwa ajili ya siku yake kubwa, nywele zimetiwa dawa, hereni nyekundu. Mwingine alikuwa na koti linaloning'inia bega moja.

"Fanya tena," Nelda alisema.

"Nifanye nini?"

"Cheka."

"Shangazi," Darla alisema.

"Bila kipaza sauti. Polepole. Nataka kusikia."

Maxine akatazama sakafu. Akatazama mlango wa sinema. Halafu, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa, akaweka kiganja mdomoni na kucheka.

Nelda alifumba macho. Miaka yote alikuwa anatamani kukisikia kicheko kile hata mara moja bila watu kupiga kelele juu yake. Sasa alikipata, kizima, mchana kweupe, kutoka kinywani mwa ajuza mwenye rangi ya mdomo kwenye meno.

Kilipokwisha, alibaki amefumba macho.

"Twila hakucheka hivyo," alisema. "Na nilijua. Nilijua siku ya kwanza kabisa, kwenye ile sinema ya kutazamwa garini, nimefunga vioo nisionekane nalia. Nikajiambia spika zao mbovu. Kesho yake nikarudi. Nikarudi tena. Mpaka nikakipenda. Sasa nikikitafuta cha kwake sikipati. Nikifungua, unatoka wewe."

"Nisamehe," Maxine alisema. "Nisamehe sana."

"Hukuniibia. Nilikupa mwenyewe."

Darla ndiye aliyekuwa na hasira ya kuuliza. "Mimi sielewi. Mtoto mlikuwa naye. Kinasa sauti mlikuwa nacho. Mliacheje sauti ya mtoto mkaweka ya mtu mzima?"

"Kwa sababu ya yule mwanamume," Maxine alisema.

Nelda akafumbua macho. "Mwanamume gani?"

"Aliyekuwa anaimba. Kanda ya siku ile ilikuwa na mtoto anacheka vizuri kabisa, lakini nyuma yake kuna mwanamume anaimba. Akinyamaza, mtoto naye ananyamaza. Nilihangaika kuwatenganisha, haikuwezekana. Mwenye filamu akaniambia tupa, fanya wewe."

"Hapakuwa na mwanamume. Mimi nilikuwapo."

"Mwanzoni ulikuwapo, mle ghalani tulimopigia. Mtoto akawa analia hanyamazi, wakakutuma mgahawani ukapashe chupa ya maziwa. Unakumbuka?"

Nelda alikumbuka. Alikwenda mbio akarudi mbio, na alipofika walimwambia tayari, kazi imekwisha, binti yako nyota.

"Mimi ndiye niliyeshika kinasa sauti," Maxine alisema. "Ulipotokomea tu, akaja mtu mrefu kutoka upande wa machimbo, vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Hakumsalimu mtu. Akasimama nyuma ya kamera, akavua kofia, akaanza kuimba upuuzi mmoja wa nyumbu aliyekula kofia ya mchungaji. Mtoto akasahau alikuwa analilia nini."

Nelda akashika kioo cha mashine ya bisi. Kilikuwa cha moto. Hakuondoa mkono.

Hapa sina budi kukueleza habari za Doyle Ferree.

Doyle alikuwa mume wa Nelda, mkata mawe. Wale watu wa filamu walipokuja kumwomba mtoto, ni yeye aliyekataa, mbele ya watu wote waliokuwa wanakunywa kahawa mgahawani. Mwanawe hatakuwa mdoli wa wahuni. Nelda, aliyekuwa anahudumu pale pale na birika mkononi, aliona haya, na haya ikamtia ubishi. Akampeleka. Siku ile Doyle alikwenda machimboni bila kuaga, na Nelda aliamini hakutoka huko mpaka jioni.

Halafu Twila akafa, na siku ya mazishi Doyle hakuonekana. Kanisa zima liliiona nafasi yake tupu kwenye benchi la mbele. Alikuja jua linazama, theluji mabegani, ameshika kitu kilichovimba chini ya koti. Nelda akajua ni chupa ya pombe. Hakufungua mlango wa wavu.

"Rudi ukanywe huko huko ulikotoka," alimwambia. "Na jina la mwanangu usilitaje tena."

Doyle alisimama kidogo. Kisha akashuka ngazi. Mpaka leo wanaishi kaunti moja. Wakikutana duka la mbegu, wanaulizana habari za mvua.

"Ni Doyle," Nelda alisema sasa, kwa sauti ndogo. "Huo wimbo ni wake. Alikuwa anautunga kila akiuimba."

"Jina lake sikulijua kamwe," Maxine alisema. "Siku ile aliniambia neno moja tu, usimwambie mke wangu nilikuja. Nilimwona tena mara moja, majira ya baridi."

"Wapi?"

"Indianapolis. Studio yetu ilikuwa chini ya duka la matairi. Theluji ilikuwa inaanguka vibaya. Akaingia na suti nyeusi na viatu vilivyolowa chapachapa. Akasema mtoto wake amekufa, wanamzika leo, na anaiomba ile sauti ampelekee mama yake. Akasema akiendesha haraka atawahi mazishi."

"Hakuwahi," Nelda alisema.

"Njia zilifungwa mchana ule. Nilisikia redioni." Maxine alikuwa analia sasa, bila kujifuta. "Nilimpa kanda nzima. Niliifunga kwa gazeti na yeye akaitia ndani ya koti isilowe."

Mlango wa sinema ulifunguka kidogo, Brice akachungulia, akaona nyuso zao, akaufunga taratibu.

"Darla," Nelda alisema. "Lete gari."

*

Nyumba ya Doyle iko mwisho wa barabara ya machimbo yaliyofungwa. Jua lilikuwa bado juu ya miti, na mashamba ya mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, mabua matupu kila upande. Darla aliendesha pikapu yake bila redio.

"Nilimwambia asilitaje jina," Nelda alisema.

"Ulikuwa na uchungu, shangazi. Nani angekulaumu?"

"Na yeye akatii." Akageukia dirisha. "Mjinga yule. Nilimwambia katika hasira, akatii maisha yake yote."

Walimkuta jikoni, anamenya matufaha. Mwanamume mrefu aliyekunjika, mpira mwembamba wa oksijeni puani, mtungi wake kwenye vigurudumu kando ya kiti kama mbwa aliyelala. Vumbi la mawe limemla mapafu. Alipomwona Nelda mlangoni, kisu kilisimama katikati ya tunda.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Yule mwanamke wa sauti yuko mjini."

Doyle akaweka kisu mezani. Akakisogeza kikae sawa na ukingo wa meza.

"Amekwambia."

"Ameniambia."

Mtungi ulikuwa unapumua. Darla, mlangoni, hakujua kama aingie au atoke, akabaki hapo hapo.

"Ile haikuwa chupa," Nelda alisema.

"Haikuwa."

"Si ungesema, Doyle."

"Uliniambia nisiseme."

"Nilikuwa nimetoka kumzika. Unadhani mtu aliyetoka kuzika anajua anachosema?"

Alifikiri swali lile kana kwamba linahitaji jibu. "Nilidhani unajua," alisema. "Halafu siku zikapita. Nikaona nikija nitakutonesha tu."

"Iko wapi?"

Hakuuliza nini. Akainuka, akauburuta mtungi mpaka chumbani, na wakamsikia anahamisha vitu. Alirudi mara mbili. Mara ya kwanza na mashine ya kupigia kanda, nzito, imefunikwa taulo safi. Mara ya pili na boksi. Alikuwa anahema. Darla akamsogezea kiti, akakataa kwa kichwa.

"Nelda, ngoja kwanza nikueleze."

"Ipige."

"Kuna jambo—"

"Ipige. Sikuja kubembelezana."

Akaipachika kanda mashineni. Vidole vyake vilikuwa vinene, viwili havina kucha, lakini kazi ile vilikuwa vimeizoea. Akabonyeza. Magurudumu yakaanza kuzunguka.

Nelda akainama, sikio karibu kabisa na spika, kama alivyokuwa akiinama juu ya kitanda cha mtoto kusikiliza pumzi.

Kulikuwa na mvumo. Mvumo tu, kama mvua mbali juu ya bati.

Akangoja. Mvumo ukaendelea. Mahali fulani ukanyanyuka kidogo, ukashuka.

"Ongeza sauti," alisema.

"Iko mwisho."

Nelda hakunyanyua kichwa. "Sisikii kitu."

"Hakuna kitu." Doyle alikuwa amesimama nyuma yake, mikono inaning'inia. "Alikuwapo. Miaka mingi alikuwapo, wazi kabisa, ungedhani yumo chumbani. Mwanzoni nilikuwa naipiga Jumapili tu. Halafu kila nikitoka kazini. Kanda haitaki kupigwa sana, mimi sikujua. Alipoanza kufifia nilidhani ni masikio yangu, zile mashine za machimboni. Nikawa naipiga zaidi nipate kumsikia vizuri."

Akatafuta pumzi, akaipata.

"Sauti imekwisha, Nelda. Nimeisikiliza yote."

Darla aliniambia baadaye kwamba alidhani shangazi yake ataanguka. Hakuanguka. Aligeuka, akampiga Doyle kifuani kwa kiganja. Si kwa nguvu. Akainua mkono tena, lakini safari hii kiganja kilitua na kubaki pale pale juu ya shati, na chini yake akasikia yale mapafu yanavyokwaruza.

"Ungeniachia kidogo," alisema.

"Najua."

"Kidogo tu, Doyle."

"Najua."

Kanda iliendelea kuzunguka. Matufaha yaliyomenywa yalikuwa yameanza kugeuka rangi kwenye bakuli. Nelda akaondoa mkono, akajifuta uso kwa mkono wa koti ambalo hakuwahi kulivaa vizuri.

"Basi nieleze wewe," alisema. "Masikio yako ndiyo yaliyomla. Alicheka vipi?"

Doyle akafumba macho. Ilimchukua muda.

"Kwanza alikuwa anavuta pumzi," alisema. "Kwa nguvu, kama mtoto anayetiwa maji ya baridi. Unadhani atalia. Halafu kinatoka kimoja, kifupi. Halafu kwikwi."

Nelda akaweka vidole mdomoni.

"Kwikwi," alisema.

"Kila mara."

"Halafu anakasirika."

"Anaikasirikia ile kwikwi," Doyle alisema. "Anakunja uso kama hakimu."

"Anakunja uso," Nelda alisema. Na pale, katikati ya jiko lile, sauti ya ajabu ikamtoka, nusu kilio na nusu kitu kingine, kwa kuwa alikuwa amemwona. Si yule wa kwenye pazia la sinema. Mwenyewe, na kidevu chake chenye mate, amekunja uso. Ni kitambo kifupi tu. Lakini alimwona, na hakukuwa na mtu aliyekuwa anapiga kelele.

Doyle naye alikuwa anatabasamu, macho bado yamefumbwa. "Halafu pale mwisho kabisa, kabla hawajazima," alisema, "ndipo akasema lile neno."

Nelda akamtazama.

"Neno gani?"

"Lile neno lake."

"Twila hakuwahi kusema neno. Doyle. Amekufa hajatamka kitu. Amekufa hajaniita."

Doyle akafumbua macho. Alimtazama mkewe wa zamani kama mtu aliyebeba mzigo akidhani wanaubeba wawili, kumbe upande wa pili hapana mtu.

"Uliporudi na chupa ya maziwa," alisema polepole. "Ulikuwa umefika mlangoni mwa ghala. Mimi nilikuwa nimekimbilia nyuma ya lori la vifaa vyao, humo humo ndani, usinione. Yeye alikuona. Akanyoosha mikono, akasema. Nilidhani umemsikia. Miaka yote hii nilidhani hilo, angalau hilo, unalo."

"Sikusikia. Walikuwa wamewasha pikipiki zao nje. Sikusikia kitu."

Doyle akanyoosha mkono akaizima mashine. Mvumo ukakatika, na jiko likawa kimya kuliko lilivyokuwa walipoingia.

Akavuta kiti, akakielekeza kwake.

"Keti kwanza, Nelda," alisema.

Nelda akaketi.